Simu Ndogo ya Tochi Tuliyoisomea Karagwe

Tuliahidi kuwaelezeni khabari za safari yetu ya Kagera, tulipokwenda kuwazuru wakulima wa kahawa wa wilaya za Karagwe na Kyerwa. Mambo ya kahawa yenyewe yatakuja katika toleo jingine. Leo twataka kusema juu ya kitu kimoja kidogo tu, nacho ni simu ya kitochi, ile ambayo vijana wetu huicheka na kuiita kiswaswadu.

Ilikuwa hivi. Siku ya pili tulikuwa Nkwenda, katika Wilaya ya Kyerwa, kwa mzee mmoja mwenye mibuni na migomba katika shamba moja, kama ilivyo ada ya huko. Baada ya kutukaribisha vizuri alitusimulia kuwa mwaka uliotangulia aliiuza kahawa yake kwa butura. Butura ni jina lao la kuuza kahawa ingali changa mtini: mkulima hupewa fedha kidogo katika shida yake, na mavuno yakiiva huwa ya mwenye fedha. Nadhani hapana mwanachama anayehitaji kufundishwa jambo hili, maana karafuu nazo zimeuzwa sana hivyo kabla ya kuchumwa. Serikali imelikataza, na tangu 2018 iliagiza kahawa iuzwe kwa kupitia vyama vya msingi, ambavyo huko huuza chini ya chama kikuu chao, KDCU. Walakin ada ya shule haingoji msimu.

Kilichomuuma mzee hasa ni kuwa fedha zake zilikuwapo. Siku tatu kabla hajaafikiana na yule mnunuzi, katibu wa chama chake alimpelekea ujumbe kwa simu kwamba malipo ya pili ya kahawa ya msimu uliopita yamefika, aende kuchukua. Laiti angaliupata, asingaliuza. Na simu ilikuwa mfukoni mwake wakati wote, ina moto, na mnara ulikuwa ukionekana kilimani.

Alitutolea ile simu tuitazame. Juu ya kioo palikuwa na kibahasha kidogo kikipepesa. Mzee alidhani ni pambo. Kumbe maana yake ni kuwa sanduku la ujumbe limejaa! Simu hizi, hasa zile za zamani, zina nafasi ya ujumbe chache tu, na za mzee zilijazwa na matangazo ya bahati nasibu na ya vocha. Likishajaa, simu haipokei tena hata neno moja. Ujumbe mpya hubaki katika mitambo ya kampuni ukingoja, na muda wake ukipita hutupwa. Basi ule wa katibu ulitupwa.

Sisi tuliposikia hayo tuliitoa simu yetu, tuliyoinunua mjini kwa shilingi 25,000, tukatazama juu ya kioo. Nasi tulikuwa na kibahasha kikipepesa. Tulipofuta kumi ziliingia nne mpya, na mbili katika hizo zilitoka kwa wanachama waliouliza jambo la magunia. Wenyewe wanajijua, na tunawaomba radhi.

Kwa ajili ya aibu hiyo tulikaa nusu ya siku kwa fundi mmoja wa Omurushaka, juu ya kigoda, kutazama kazi yake. Kijana huyo hana duka, ana meza na mwamvuli. Alitufundisha kuwa simu ikipiga na kupokea lakini ujumbe ukakataa kwenda, mara nyingi nambari ya kituo cha ujumbe imefutika. Nambari hiyo imo katika laini, na hurudishwa kwa kuiandika upya katika mipangilio ya ujumbe. Kampuni yako itakupa ukiiuliza. Betri alizijaribu kwa kuzilaza mezani na kuzizungusha kwa kidole. Iliyo nzima husita, iliyovimba huzunguka kama pia, na hiyo haifai kutiwa chaja ya kobe wala kutobolewa, maana yaweza kuwaka moto. Meno ya shaba yanayogusana na betri aliyasugua kwa raba ya penseli, simu iliyokuwa ikizimika ovyo ikatulia. Vibonyezo vilivyoganda kwa vumbi na jasho alivisafisha kwa mswaki na spiriti. Ama simu iliyoanguka majini, alisema kitu cha kwanza ni kutoa betri, hata kabla ya kuipangusa, na usiiwashe kuona kama bado nzima.

Tulijaribu kuifungua ya kwetu wenyewe kwa bisibisi yake ya ncha ya nyota. Tuliifunga vizuri, ikabaki skrubu moja. Fundi alicheka, wala hakutudai kitu.

Jambo jingine ni la mipakani. Ukikaribia Murongo simu hudaka minara ya Uganda, na upande wa Mto Kagera hudaka ya Rwanda, hata saa ya simu inayojirekebisha yenyewe ikarudi nyuma saa moja, na ujumbe ukatozwa kama wa nchi za nje. Wenyeji huenda katika mipangilio wakachagua mtandao wao kwa mkono.

Mtu aweza kuuliza kwa nini tusinunue simu kubwa. Anayeweza na anunue. Lakini kitochi hukaa siku kadhaa bila ya chaji, humulika usiku karafuu zikiwa uwanjani na mvua ikatisha, na ujumbe wake wa herufi 160 hupenya hata pale ambapo sauti hukatikakatika. Khabari ya bei, au ya siku ya malipo, haihitaji herufi zaidi ya hizo.

Tumenunua bisibisi kama ile, na spiriti ipo. Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri tutakuwa barazani kwa ofisi ya chama, na mwanachama yeyote aje na simu yake, na ya mkewe au mumewe pia. Walio mbali na wapeleke simu kwa wajumbe wa matawi. Ambaye kibahasha chake kinapepesa asingoje Jumamosi, afute leo, maana orodha ya majamvi tuliipeleka kwa simu juma lililopita na watu wengi hawajajibu.