KITI KILICHOBAKI WAZI

Watu wengi hudhani kuwa genge la wahalifu huangushwa na maadui wa nje. Sinema moja ya Korea ya Kusini, iitwayo Sinsegye, maana yake Dunia Mpya, inaonyesha kuwa adui mkubwa huketi meza moja nawe. Ilitungwa na kuongozwa na Park Hoon-jung, ikatolewa mwaka 2013. Napenda kuwaeleza wasomaji kisa chake, maana kimenifikirisha sana.

Genge lenyewe linaitwa Goldmoon. Ni magenge kadha yaliyoungana, wakubwa wake wakavaa suti na tai na kujiita kampuni. Mwenyekiti wao anakufa kwa ajali ya gari, na mrithi hajulikani. Basi fahali wawili wanabaki zizi moja. Wa kwanza ni Jung Chung, mtu wa mzaha na makelele. Wa pili ni Lee Joong-gu, mwenye kiburi, asiyekubali kuwa chini ya mtu.

Mtu wa karibu sana na Jung Chung ni Lee Ja-sung, ambaye humwita ndugu. Kumbe Ja-sung ni polisi, aliyetiwa gengeni kwa siri miaka mingi. Habari zake humpa mwalimu wake wa baduk, mchezo wa kete ambao Wajapani huuita go, naye mwalimu huyo ni polisi vilevile. Mkuu wao, Kang, humwahidi Ja-sung kuwa kazi hii ikiisha atatolewa. Ikiisha, humpa nyingine.

Sasa tazameni hila ya Kang. Yeye hataki kulivunja genge, bali anataka kuchagua atakayelitawala. Anamkamata Joong-gu, kisha anamfanya aamini kuwa Jung Chung ndiye aliyemchongea. Joong-gu anawaka hasira, na watu wake wanamvamia Jung Chung kwa visu katika maegesho ya magari. Hivyo uongo mmoja ulitosha, kwa sababu wivu ulikuwapo tayari.

Jung Chung anafia hospitali. Baadaye Ja-sung anafungua vitu alivyoachiwa, anakuta karatasi za polisi zenye habari zake mwenyewe. Ndugu yake alikwisha kumjua, akanyamaza! Sisemi kuwa Jung Chung alikuwa mwema. Mikono yake ilijaa damu, na polisi mwingine aliyegunduliwa hakusamehewa. Lakini mhalifu huyo alimficha Ja-sung, na mkuu wa polisi alimdanganya. Ja-sung akachagua. Maadui wake wote wakauawa kwa amri yake, Kang akiwa mmojawapo, naye akakikalia kile kiti.

Baadhi ya wenzangu wanasema Ja-sung alishinda. Mimi nakataa. Sinema inamalizika kwa kuturudisha miaka sita nyuma, mjini Yeosu, Ja-sung na Jung Chung wakiwa vijana wasio na cheo. Hapo Ja-sung anatabasamu kwa furaha ya kweli. Kitini anaketi peke yake, na aliyemwita ndugu hayupo.

Nionavyo mimi, kosa la Ja-sung ni lake, wala halifutiki kwa sababu alidanganywa. Lakini Kang naye ana sehemu yake. Mkubwa akivunja ahadi kila siku, asishangae siku mtumishi wake atakapoacha kumtumikia.