Mwadui Walipoinyamazisha Taifa

Katika soka ya Tanzania, ambayo tangu zama za wazee wetu imezigawa nyoyo za watu baina ya Simba na Yanga, ni nadra timu ya mikoani kuonja furaha kama ile waliyoipata Mwadui ya Shinyanga tarehe 8 Mei 2016, waliposafiri zaidi ya kilomita 900 hadi Dar es Salaam, wakaingia Uwanja wa Taifa mbele ya kaumu ya Simba, Wekundu wa Msimbazi, na wakatoka na ushindi wa bao moja kwa bila, lililofungwa na Jamal Mnyate. Timu hiyo, iliyolelewa na mgodi wa almasi aliougundua Mkanada John Williamson mwaka 1940, ilikuwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu msimu ule, na aghalabu ya watu waliihesabu kuwa ni riziki ya wakubwa.

Ushindi wa nyumbani una maneno mengi. Stand United, timu iliyoasisiwa na wapiga debe wa stendi ya Shinyanga, ilipoifunga Yanga Januari 2019, na Mwadui ilipoifunga Simba tena Oktoba ya mwaka huo huo, zote kwa bao moja na zote katika uwanja wa Kambarage, walioshindwa hawakukosa la kusema: mara nyasi, mara jua, mara uchovu wa safari. Ushindi wa ugenini haumwachii mshindwa udhuru hata mmoja, na kwa sababu hiyo mimi huutukuza kuliko mwingine wote.

Lakini furaha yake si nyepesi kuibeba. Ingia kibanda umiza chochote cha kutazamia mpira, kuanzia Shinyanga mjini hadi Geita, ambako wachimbaji wadogo hutoka maduarani na vumbi la mawe lingali miguuni, wakalipa kiingilio na kubanana katika mabenchi. Ni taabu kumpata humo mtu ambaye ni wa timu ya mkoa peke yake, kwa maana Usimba au Uyanga wake aliurithi kwa baba yake kabla hajajua kusoma. Basi Mwadui walipoifunga Simba ugenini, shabiki wa Simba wa Shinyanga alipatwa na mtihani mzito: akishangilia, amewasaliti wenziwe, akinuna, ameikana ardhi aliyozaliwa. Wengi waliomba maji ya kunywa. Shabiki wa Yanga naye, hata asiyepata kuukanyaga mgodi wa Mwadui, jioni ile alijifanya mwana wa Mwadui wa damu, na si bure, kwa kuwa kipigo kile ndicho kilichowakabidhi Wanajangwani ubingwa pasipo wao kugusa mpira siku hiyo. Unafiki huo nausamehe. Utani wa jadi una sheria zake.



Kocha wa Mwadui siku ile alikuwa Jamhuri Kihwelo, Julio, aliyewahi kuichezea Simba yenyewe, hivyo jeraha lilitiwa na mkono wa ndugu. Naye Mnyate, kabla ya msimu uliofuata kuanza, Simba walikwisha kumsajili.