Mtu Hakatai Mwito

Wahenga walisema mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo. Kwa methali hiyo nawaomba wasomaji wangu wanivumilie leo, maana nina habari ya sinema ambayo wengi wetu waliikataa kabla hata ya kuitwa.

Sinema yenyewe ni Stories of Our Lives, yaani Hadithi za Maisha Yetu. Si hadithi moja bali ni tano fupi fupi, zilizounganishwa zikatimia muda wa saa moja hivi, na zote ni za picha nyeusi na nyeupe. Walioitengeneza ni vijana wa Nairobi wa kundi la Nest, na mwongozaji ni Jim Chuchu. Mambo yake hawakuyazua. Waliwaendea Wakenya wanaume wanaowapenda wanaume wenzao, na wanawake wanaowapenda wanawake wenzao, wakawasikiliza na kunasa sauti zao, kisha wakayafanya mchezo baadhi ya waliyoyasikia.

Ilionyeshwa mara ya kwanza Toronto, Kanada, Septemba 2014. Mwaka huo huo Bodi ya Kuainisha Filamu nchini Kenya iliipiga marufuku, ikisema ina mambo machafu na inahimiza ushoga, kinyume cha maadili ya taifa. Mmoja wa wakuu wa kazi hiyo, George Gachara, alikamatwa kwa madai ya kupiga picha bila leseni. Mwaka uliofuata, 2015, sinema hiyo ikapata tuzo Berlin, Ujerumani. Ndivyo ilivyokuwa: waliosimuliwa habari zao hawakuweza kujiona kwao, wakaonwa na wageni.

Mimi niliiona nikiwa safarini ng'ambo. Katika hadithi hizo tano yumo msichana wa shule anayetenganishwa na mwenzake. Yumo Patrick, anayerudi kwa siri kwenye baa ambayo rafiki yake hataki hata kuisikia. Yumo Liz, anayeota usiku jinsi atakavyotoroka na mwenzake wakati wanasiasa wanapotishia kuwaandama. Lakini iliyonigusa zaidi ni ile iitwayo Athman.

Jina tu lilinishtua. Athman! Nani kwetu hana ndugu au ami wa jina hilo? Athman huyu ni kibarua wa shamba, na rafiki yake mkubwa ni Ray, wanayefanya kazi pamoja. Anakuja msichana mgeni, Fiona, Athman anaanza kumchezea maneno, na Ray moyo unamuungua. Kisa chenyewe ni hicho tu: mtu ana neno zito kifuani, na kila akilitazama anaona kwamba akilitamka huenda akampoteza rafiki, na asipolitamka litamla yeye.

Hapo nikamkumbuka mtu. Chuoni tulikuwa na mwenzetu mmoja, sauti yake ya kusoma Kurani ilikuwa ikiwasimamisha wapita njia. Alipobaleghe watu wakaanza kunong'ona juu ya mwendo wake na usemi wake. Wakampa jina la kejeli, na watoto wakawa wanamfuata nalo barabarani. Siku moja akaondoka mtaani, asirudi. Mimi sikumpa jina lile, lakini nilipolisikia nilicheka. Wala sikuuliza amekwenda wapi.

Siandiki haya ili kuhalalisha lililoharamishwa. Msimamo wa maulamaa wetu naujua, nimeusoma, wala sina mamlaka ya kuugeuza. Sheria ya nchi nayo ipo: kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, tulichorithi kwa Mwingereza, kinafikisha kifungo miaka 14, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Lakini chuoni humo humo tulihifadhishwa Suratul Hujurat, inayotukataza kudharauliana, kuitana kwa majina mabaya, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Haya nayo ni makatazo. Mbona tunayakumbuka yale na kuyasahau haya?

Tena kadhi, hata mbele ya kosa la wazi, hahukumu mpaka amemsikia aliyeletwa mbele yake. Kusikiza si kukubali. Mtu aweza kuiona sinema hii mwanzo hadi mwisho akatoka na imani yake ile ile aliyoingia nayo, kama nilivyotoka mimi. Ila hatatoka akidhani kwamba watu hawa ni kitu kilicholetwa na meli toka Ulaya. Ni Wakenya, wana mama zao, na mmoja wao alisoma ubao mmoja nami.

Mwenzangu yule, kama yu hai, ni mtu mzima sasa. Nikijaaliwa kuonana naye nitaanza kwa salamu, kisha nimwombe radhi kwa kile kicheko. Akiwa na la kunieleza, nitakaa nimsikize. Wallahu aalam.