Kuhama na Wateja Wako: Mitandao ya Kijamii Isiyo na Mmiliki Mmoja

Mzigo wa viatu ukishuka kwenye fremu ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kazi ya kwanza baada ya kufungua katoni ni kupiga picha. Muda si mrefu picha ziko Instagram na kwenye status ya WhatsApp: saizi, rangi, bei ya jumla, bei ya rejareja, namba ya simu, na chini kabisa "mikoani tunatuma". Mteja yuko Mbeya au Mtwara, analipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi. Katika biashara hii mwenye fremu ana uhuru mkubwa ambao tumeshauzoea. Mteja akiwa na laini ya Airtel na yeye akiwa na ya Vodacom, pesa inafika. Akichoshwa na kampuni yake ya simu, anahamia nyingine na namba ileile. Lakini wafuasi aliowakusanya Instagram kwa miaka hawezi kuhama nao hata mmoja. Ukurasa ukidukuliwa, au ukifungwa kwa kosa ambalo hapati hata mtu wa kumweleza, anaanza upya na wafuasi sifuri. Mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani isiyo na mmiliki mmoja, ilibuniwa ili kuondoa hali hiyo, nami naona hiki ndicho kipimo cha haki cha kuipimia: je, inamwezesha mtumiaji kuwasiliana na walio nje ya mtandao wake, na inamwezesha kuondoka bila kupoteza watu wake? Mengine yanayosemwa juu yake, kwamba itazifuta kampuni kubwa au kwamba haiwezi kuzimwa na yeyote, bado hayajathibitika.

Unaojulikana zaidi kati ya mitandao hii ni Mastodon, uliozinduliwa mwaka 2016 na mtaalamu wa programu aishiye Ujerumani, Eugen Rochko. Mastodon si tovuti moja. Ni programu ya bure ambayo yeyote mwenye seva, yaani kompyuta inayokaa hewani muda wote, anaweza kuiweka na kuwafungulia watu akaunti. Seva za namna hiyo ziko maelfu, za vyuo, za mashirika, za watu binafsi, na kila moja ina msimamizi wake na kanuni zake. Kinachoziunganisha ni ActivityPub, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta, iliyopitishwa Januari 2018 na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti. Inafanya kazi hivi: mtu wa seva ya Dar es Salaam akitaka kumfuata mtu wa seva ya Berlin, seva ya Dar inatuma ombi lenye sahihi ya kidijitali kwenye kikasha cha yule wa Berlin. Seva ya Berlin inahakiki sahihi, inakubali, na tangu hapo kila anachoandika mwenye akaunti hiyo kinatumwa nakala Dar bila kuombwa tena. Hakuna ofisi ya katikati inayopitiwa. Ndiyo maana seva moja ikiharibika, nyingine zinaendelea na kazi. Linganisha na tarehe 4 Oktoba 2021, pale kosa moja la wahandisi wa Facebook lilipoiondoa mitambo ya kampuni hiyo kwenye ramani ya intaneti, na Facebook, Instagram na WhatsApp zikazimika pamoja dunia nzima kwa saa kama sita. Muuzaji aliyekuwa na matangazo yake yote kwenye majukwaa hayo alifungiwa milango mitatu kwa ufunguo mmoja.

Wapo wanaosema mambo ya itifaki ni ya wataalamu na hayamhusu muuza viatu. Historia ya pesa za simu hapa Tanzania inawajibu. M-Pesa ya Vodacom ilipoingia mwaka 2008, na wenzake walipofuata, kila kampuni ilijifungia ndani ya uzio wake. Ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, alipata ujumbe wenye namba ya siri ya kutolea, na ilimbidi amtafute wakala wa mtandao wako. Wafanyabiashara walitembea na laini mbili, tatu, wengine na simu mbili. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana kupokeleana pesa, na mwaka 2016 Vodacom, iliyokuwa na wateja wengi kuliko wote, ikajiunga. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Kisha Machi 2017 ikaja huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba. Mambo hayo mawili ndiyo kiini cha mitandao iliyogatuliwa, na hakuna aliyelazimika kusomea itifaki ili ayatumie. Tazama pia mpangilio wa matukio: walioanza kufunguliana milango walikuwa wadogo, na mkubwa aliingia baada ya kuona wenzake wameshaunganika.

Kwa takwimu za watumiaji, ukuaji wa mitandao hii ni wa kupanda na kushuka. Elon Musk alipoinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, mamilioni walikimbilia Mastodon, na mwisho wa mwaka huo watumiaji wake wa kila mwezi walifika takribani milioni 2.5. Wengi hawakukaa, idadi ikashuka chini ya milioni moja. Bluesky, mtandao mwingine wa aina hii uliozaliwa ndani ya Twitter yenyewe mwaka 2019 kabla ya kujitenga, ulifungua milango kwa umma Februari 2024. Jaji wa Brazil alipoamuru X, jina jipya la Twitter, ifungwe nchini humo mwishoni mwa Agosti mwaka huo, zaidi ya watu milioni 2 waliingia Bluesky ndani ya siku chache, na kufikia mwishoni mwa 2025 akaunti zilikuwa zimepita milioni 40. Kila wimbi limeletwa na hasira dhidi ya mtandao mwingine, na hasira ikipoa, watu hurudi waliko jamaa zao. Mpinzani atauliza: mteja wa Mbeya yuko huko? Hayupo. Kwa muuzaji wa leo, kuacha Instagram na kuhamia Mastodon ni kufunga duka. Hoja hiyo ni nzito, tena inazidishwa na kampuni za simu zinapouza vifurushi maalumu vya majukwaa makubwa, huku mtandao mdogo ukila bando la kawaida.

Hata hivyo hoja hiyo inadhani njia pekee ya kufanikiwa ni watu wote wahame. Pesa za simu hazikufuata njia hiyo. Watu walibaki walipokuwa, kuta ndizo zilizotobolewa. Dalili za jambo hilo zimeanza kuonekana. Threads, mtandao wa kampuni ileile yenye Facebook na Instagram, ulianza Machi 2024 kuwaruhusu watumiaji wa Marekani, Kanada na Japani kurusha machapisho yao hadi Mastodon kupitia ActivityPub. Barani Ulaya, sheria ya masoko ya kidijitali iliyoanza kuzibana kampuni kubwa mwezi huohuo inaitaka WhatsApp ipokee ujumbe kutoka huduma nyingine zinazoomba kuunganishwa. Kwetu bado hakuna sharti kama hilo. Sioni sababu ya nchi iliyounganisha pesa kushindwa kudai ujumbe na kurasa za biashara ziunganishwe pia.

Ugumu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, uko kwa anayeziendesha seva. Kukodi kompyuta kwa ajili ya watu mia chache si gharama ya kutisha. Kazi ni kusoma malalamiko usiku na mchana. Februari 2023 msimamizi wa seva ya mastodon.lol, yenye watu elfu kadhaa, alitangaza kwamba anaifunga kwa kuchoshwa na matusi aliyokuwa akitupiwa, na watumiaji wakapewa miezi michache ya kuondoka. Waliweza kuhamisha wafuasi, lakini machapisho yao ya zamani hayakuhama. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waligundua picha za unyanyasaji wa watoto kwenye baadhi ya seva kubwa, jambo ambalo msimamizi wa kujitolea hana vifaa vya kulikabili. Hapo kampuni kubwa zinatushinda, na ni lazima tukiri. Lakini upo upande ambao udogo unasaidia. Ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" hauna tusi wala picha chafu. Mashine iliyofunzwa lugha za mbali itaupitisha. Mtanzania yeyote anautambua kwa kuutupia jicho tu. Seva inayosimamiwa na watu wanaoishi lugha hii ingewakamata matapeli hao mapema zaidi, ilimradi msimamizi analipwa.

Kisha kuna dola, yaani serikali. Tanzania inajua vizuri maana ya jukwaa lenye koo moja la kukabwa. JamiiForums, jukwaa la majadiliano la hapa nchini, ilifunga huduma zake Juni 2018 kwa muda, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipowataka wenye majukwaa na blogu wawe na leseni. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliisimamisha leseni yake kwa siku 90. X ilizimwa nchini Mei 2025, na watumiaji wakakimbilia VPN, programu za kupita vizuizi. Je, ugatuzi ungezuia hayo? Kwa sehemu ndogo tu. Kuzuia anwani maelfu ni kazi kubwa kuliko kuzuia moja, lakini Bluesky, ambao karibu watumiaji wake wote wako kwenye seva za kampuni yenyewe, unazimika kama X. Anayeendesha seva Dar es Salaam atakumbana na kanuni zilezile za leseni, bila wanasheria wa kampuni kubwa. Na intaneti yenyewe ikikatwa, kama ilivyokatwa kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, hakuna itifaki inayobaki na kazi. Wanaoitangaza mitandao hii kama kinga dhidi ya kuzimwa wanawapa watu tumaini ambalo litawavunja moyo siku wanayolihitaji, na hilo linanisikitisha kwa sababu manufaa yake halisi yanasahaulika.

Manufaa hayo mwenye fremu anaweza kuyaonja sasa bila kuacha Instagram. Bluesky unamruhusu mtu kutumia jina lake la kikoa, yaani anwani ya tovuti yake, kama jina la akaunti. Duka lenye tovuti yake ya .co.tz linaweza kujiita kwa anwani hiyohiyo, likapakua nakala ya machapisho yake yote, na kesho likahamia seva nyingine likiwa na jina lilelile na wafuasi walewale. Jina la kikoa nalo lina msajili wake: mwaka 2024 seva moja ya Mastodon iliyotumia kikoa cha .af, cha Afghanistan, ilinyang'anywa jina na serikali ya Taliban. Lakini msajili wa .tz yuko hapahapa nchini, anafikika kwa barua na kwa sheria, na ada yake inajulikana. Muuzaji atakayeandika jina hilo kwenye mifuko yake na kwenye risiti, kisha akalielekeza kwenye ukurasa wowote anaoutumia mwaka huu, atakuwa ameanza kuhama na wateja wake kabla hata mitandao mikubwa haijafungua milango.