Runinga ya Marekani ilivyonitoa jasho mpakani Busia

KUUliza si ujinga. Methali hii niliisoma shuleni, nikaiandika kwenye mtihani, kisha nikaisahau katika miaka 11 niliyoishi Marekani. Nilikumbushwa Desemba 2018 nikiwa sebuleni kwa mama yangu, viungani mwa mji wa Tororo, huku moshi ukifuka kutoka kwa mashine ya muziki niliyoinunua kwa dola 280.

Nianze mwanzo, msomaji, ili wewe unayefunga mizigo kurudi nyumbani, au unayevusha bidhaa kila siku Busia na Malaba, usije ukatumbukia nilikotumbukia mimi.

Mama alizaliwa Amukura, upande wa Kenya, akaolewa Tororo, upande wa Uganda. Kwetu sisi Wateso hilo si jambo geni, kwani tuna mashamba na mashemeji pande zote mbili za mpaka. Kiingereza chake ni cha kuombea maji, na Kiluganda hakijui. Kwa hivyo, habari anazozielewa vizuri ni za Kiswahili kutoka Kenya, zinazosomwa saa moja jioni.

Kwa miaka mingi alizipata kwa runinga ndogo ya Great Wall, inchi 14, isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari umeme ulipopotea. Antena ilifungwa juu ya mti mrefu uani. Akitaka Kenya, mjukuu alitoka nje akauzungusha mti mashariki. Akitaka Uganda, ulizungushwa magharibi. Picha ilikuwa na chenga tele, lakini sauti ilisikika.

Mwaka 2015 runinga hiyo ikanyamaza. Mataifa yalikuwa yameafikiana Geneva mwaka 2006 kwamba ikifika Juni 17, 2015, matangazo ya analogi yawe yamezimwa. Kenya ilianza kuzima Nairobi mwishoni mwa 2014 na kumaliza Machi 2015. Uganda ilianza na Kampala Juni mwaka huo.

Tangu hapo mama, akiwa na zaidi ya miaka 70, akawa anatembea kila jioni hadi kwa jirani mwenye dishi, na kurudi gizani akimulika kwa tochi. Katikati ya 2018 aliteleza akaanguka mtaroni, mguu ukateguka. Niliposikia habari hizo nikaapa kwamba nikirudi, nitamletea sinema nzima sebuleni.

Nilinunua runinga mpya ya inchi 40 na mashine ya muziki yenye spika tano. Nikavipakia pamoja na vyombo vyangu vya nyumbani, mzigo ukaja kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa lori hadi Busia.

Hapo ndipo jasho lilianza. Nilikuwa nimesikia kwamba anayerejea nyumbani halipi ushuru. Afisa wa forodha alinieleza kwa utulivu kwamba msamaha ni wa vyombo ulivyokuwa ukivitumia huko ulikoishi, navyo viingie pamoja nawe au ndani ya siku 90 baada ya kufika. Runinga yangu ilikuwa ndani ya katoni ambayo haijafunguliwa. Ningesemaje kwamba nimeitumia? Nikalipa.

Wafanyabiashara nao wasidanganyike. Cheti chepesi cha uasili, kinachotumika kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizotengenezwa au kuzalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mahindi na samaki yatapita. Runinga iliyotengenezwa Uchina haigeuki kuwa ya Kenya kwa sababu uliinunua duka la Busia.

Nilipofika nyumbani nilinunua adapta ya plagi na kuichomeka mashine ya muziki. Ililia kidogo, ikatoa harufu, halafu moshi. Nilimpelekea fundi mmoja mzee pale Busia, upande wa Uganda. Alikigeuza chombo, akasoma kibandiko mgongoni, akatikisa kichwa.

“Mwanangu, adapta hubadilisha miguu ya plagi. Umeme haubadilishi,” akasema.

Kibandiko kilisema volti 120. Umeme wa Uganda na Kenya ni volti 240. Ningehitaji transfoma ya kupunguza umeme, yenye nguvu kuzidi wati za chombo chenyewe. Runinga ilinusurika kwa sababu kibandiko chake kiliandikwa volti 100 hadi 240.

Ikawaka vizuri, rangi zikang'aa, mama akapiga makofi. Nikaiamuru itafute stesheni. Ikatafuta, ikatafuta, ikaleta sufuri. Runinga za Marekani hupokea mawimbi ya mfumo unaoitwa ATSC, ilhali Kenya na Uganda hutumia DVB-T2. Dola zangu zote zilikuwa zimenunua kioo kizuri kisicho na masikio.

Basi nikavuka hadi Busia ya Kenya kununua king'amuzi. Wakala aliniuzia cha kulipia kila mwezi, nikakisajili kwa jina la mjomba wa Amukura. Nilipokiunganisha Tororo, kikapata mawimbi lakini stesheni zote zikafungwa. Nilipopiga simu niliambiwa kwamba kifaa kilisajiliwa Kenya, nacho hakiruhusiwi Uganda, maana haki za kuonyesha vipindi hutolewa kwa kila nchi kivyake. Mpaka ambao mama huuvuka kwa boda boda bila kufikiri, king'amuzi kilikataa kuuvuka.

Jioni hiyo mama alichukua tochi yake, akasema anaenda kwa jirani. Sikuweza kumtazama usoni.

Kesho yake nilirudi kwa yule fundi, safari hii nikiuliza kabla ya kutoa pesa. Akanionyesha king'amuzi kisicho na malipo ya mwezi, cha shilingi 3,200 za Kenya, chenye maandishi ya DVB-T2. Akasisitiza nisome hiyo “2”. Rais Mwai Kibaki alipozindua matangazo ya dijitali nchini Kenya Desemba 2009, mfumo ulikuwa DVB-T. Baadaye nchi ikahamia DVB-T2, na waliowahi kununua ving'amuzi vya kwanza wakabaki navyo kama mapambo. Ukiuziwa shehena ya vile vya zamani kwa bei ya kutupa, jua kwa nini vinatupwa.

Tulisimamisha mlingoti wa chuma wa futi 30 na kuielekeza antena Kenya. Saa moja jioni, sauti ya Kiswahili ikajaa sebuleni. Mama aliketi bila kusema neno hadi habari zikaisha.

Sitakudanganya kwamba yote yalinyooka. Mvua kubwa ikinyesha, picha hukatika na kuganda. Analogi ilikuwa ikidhoofika polepole, ukiendelea kusikia ndani ya chenga. Dijitali hukupa yote au ikunyime yote. Mama bado hunikumbusha kwamba Great Wall yake haikuwahi kuganda.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kulipa, soma kibandiko cha umeme. Uliza kama ina kipokezi cha DVB-T2. Runinga nyingi mpya zinazouzwa Nairobi na Kampala huwa nacho ndani. Uliza king'amuzi kimesajiliwa nchi gani na kitatumika wapi. Mwisho, piga hesabu ya ushuru ukiwa huko huko ng'ambo, kabla meli haijang'oa nanga.

Nawe mfanyabiashara wa mpakani, mweleze mteja mambo haya kabla hajauliza. Yule fundi alinipata mimi kwa king'amuzi kimoja, na tangu siku hiyo nimempelekea majirani wengi.

Ile mashine ya muziki haikupona. Katoni yake ipo jikoni, na kuku wa mama analalia mayai humo.