Si Kila Chenye Uchachu Kina Bakteria Hai

Katika maduka ya Membley na Ruiru, huko Kiambu nchini Kenya, maziwa mala, yaani maziwa ya kuganda, na yogati hupangwa pamoja na kununuliwa kana kwamba faida zake ni zile zile, ilhali kinachoamua faida ya probiotiki hakionekani kwa macho wala hakionjeki kwa ulimi. Mwaka 2001, wataalamu walioitwa na Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani walieleza kuwa probiotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humnufaisha mtumiaji kiafya.

Maziwa huganda kwa sababu bakteria hula laktosi, yaani sukari ya asili ya maziwa, kisha wakatoa asidi ya laktiki, ambayo huleta uchachu na kuzuia vijidudu vingi vya kuozesha. Yogati ikipashwa moto baadaye ili idumu muda mrefu bila jokofu, uchachu hubaki lakini bakteria hufa. Ndivyo ilivyo kwa uji wa kuchachusha unaopendwa sana Kiambu, ambao hupikwa baada ya unga kuchachuka: kuuita probiotiki ni kosa, na kuudharau ni kosa kubwa zaidi, kwani uchachushaji hupunguza fitati, dutu ya nafaka inayozuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Maziwa yasiyopikwa baada ya kuchachuka ni jambo jingine. Huko Juja, mbele kidogo ya Ruiru kwenye barabara ya Thika, ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambacho mtafiti wake Julius Mathara na wenzake walichapisha mwaka 2004 uchunguzi wa kule naoto, maziwa ambayo Wamaasai huyachachusha kibuyuni. Bakteria aliyetawala humo alikuwa Lactobacillus plantarum, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa baadhi ya aina zilizotolewa katika maziwa hayo zilistahimili asidi na nyongo, vizuizi viwili ambavyo kila bakteria anayemezwa sharti avivuke ili afike utumbo mpana akiwa hai. Hayo, hata hivyo, ni matokeo ya maabara, na maabara si tumbo la mtu.

Miongoni mwa watu wenyewe ushahidi hutofautiana kulingana na aina ya bakteria na tatizo linalotibiwa. Yogati yenye bakteria hai huwasaidia wasioweza kumeng'enya laktosi vizuri, na baadhi ya aina hupunguza kuhara kunakosababishwa na dawa za antibiotiki. Lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, likihusisha watoto zaidi ya 900 wenye ugonjwa wa tumbo, halikuona nafuu yoyote kwa waliopewa Lactobacillus rhamnosus GG, mmoja wa bakteria waliosifiwa kuliko wote. Kwa hiyo pakiti isiyotaja aina ya bakteria haimwambii mnunuzi mengi. Tena, maziwa mabichi yasiyochemshwa kabla ya kugandishwa yaweza kubeba bakteria wa ugonjwa wa brusela, na uchachu pekee si kinga ya kutegemewa dhidi yao.