Uwanja Nao ni Darasa

Mwaka 1997 serikali ya Uganda ilianza kufuta karo katika shule za msingi. Lakini karo si gharama yote. Viatu vya mpira na nauli ya kwenda mashindanoni humwelemea mchuuzi wa Nateete. Basi mwanawe hubaki mtazamaji, wenzake wenye uwezo wakicheza.

Kipaji hakichagui mfuko. John Akii-Bua aliacha shule mapema, baada ya kifo cha babake. Katika Jeshi la Polisi alipata uwanja na mwalimu. Mwaka 1972, huko Munich, alitwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia.

Askari wenye viwanja kambini, wafungulieni watoto wa jirani.